"Nafikiri, kwa Hiyo Nipo": Shaka ya Descartes na Kiambishi -po

Kauli ya René Descartes ambayo wengi wetu tunaifundisha kwa maneno "Nafikiri, kwa hiyo nipo" imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa inasema nini hasa kwa Kiswahili. Makala haya yanaihoji tafsiri hiyo. Nia si kumsuta aliyeitunga. Hoja nzima ya mwanafalsafa huyu inasimama juu ya maneno hayo machache, na yakipotoka, mwanafunzi huondoka akiamini ama kwamba Descartes alikuwa akifanya mzaha, ama kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba falsafa. Nimeyasikia yote mawili darasani, na la pili ndilo linaloniuma.

Katika Meditationes (1641) Descartes anaazimia kuikataa kila rai inayoweza kutiliwa shaka hata kidogo, ili aone kama kuna kitakachosalia. Milango ya fahamu huhadaa. Ndoto haina alama thabiti ya kuitenganisha na hali ya kuwa macho. Hata jumla ya mbili na tatu huenda ikawa hila ya mdanganyifu mwenye nguvu. Kufikia Tafakuri ya Pili ameshauondoa ulimwengu wote: mwili, umbo, mwendo na, hili tulishike, mahali. Hapo ndipo anapogundua kwamba hata akidanganywa, lazima awepo wa kudanganywa.

Tuanze na "nafikiri". Mtu asemaye "Nafikiri duka limefungwa" haripoti tendo la akili yake. Anaipunguzia kauli uzito, asije akalaumiwa duka likikutwa wazi. Kitenzi hiki, kikiwa katika nafsi ya kwanza, kimekuwa chombo cha kusitasita. Kwa hiyo msikilizaji asiyejua historia ya kauli hii ana haki ya kusikia "Kama sikosei, nipo". Yaani neno lililokusudiwa kuwa msingi wa hakika linaingia likiwa limebeba shaka. "Ninafikiri", kwa umbo lake kamili, lina nafuu, walau masikioni mwangu, kwa kuwa linaelekea zaidi kwenye tendo linaloendelea.

Tatizo la "nipo" ni zito zaidi. Kiambishi -po ni cha ngeli ya mahali, na huashiria mahali mahususi, tofauti na -ko na -mo. Descartes amekwisha kupakana mahali. Tafsiri inamrudishia kupitia dirishani. Inaweza kujibiwa kwamba -po imeshapanuka kimaana: asemaye "Mungu yupo" hamweki Mungu mahali fulani, na "Mungu hayupo" ni ukanushaji wa kuwepo kwenyewe. Jibu hilo ni la kweli kwa nafsi ya tatu. Lakini tukikanusha katika nafsi ya kwanza, mambo hubadilika. Mdai akibisha hodi, baba humnong'oneza mtoto: "Mwambie sipo." Huo ni uongo, ila hauna mkinzano wowote wa kimantiki. "Kesho sipo" wala si uongo. Ni taarifa ya safari. Kwa Descartes, kinyume chake, "mimi siko kabisa katika kuwepo" ni wazo linalojivunja lenyewe kila linapowazwa, na nguvu ya hoja yake yote imo katika kujivunja huko. Kauli ambayo ukanusho wake husemwa kila siku mlangoni haiwezi, ikiachwa peke yake, kuwa kauli isiyotilika shaka. Isitoshe, "nipo" ni jibu la salamu: "Upo?" "Nipo." Linamtaka mwenzio, na Descartes amejifungia peke yake.

Msamiati wetu wa maarifa nao una nasaba yake. "Shaka" na "yakini" zilitujia kutoka Kiarabu, lugha ambayo Al-Ghazali (1058–1111) alisimulia ndani yake, katika al-Munqidh min al-dalal, namna alivyozitilia shaka hisi: jicho huiona nyota ikiwa na ukubwa wa dinari, ilhali hoja za jiometri zaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Kisha akaitilia shaka akili yenyewe, akiitaja ndoto, zaidi ya karne tano kabla ya Descartes. Ila yeye anasema hakutoka humo kwa hoja, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Mfasiri anayemwandikia Descartes "yakini" hana budi kulikumbuka hilo, maana Mfaransa huyu anadai kufika kwa akili yake, bila nuru hiyo. Mimi ningemwandikia "hakika".

Napendekeza basi: "Kila nifikiripo, nipo." Itasemwa kwamba nimeidondosha "kwa hiyo". Nimeidondosha makusudi. Kiunganishi hicho kimo katika Discours (1637) na Principia (1644), lakini Tafakuri ya Pili haina; inasema tu kwamba kauli ya kuwepo kwangu ni ya kweli kila ninapoitamka au kuiwaza. Zaidi ya hayo, akiwajibu wapinzani wake, Descartes mwenyewe alikana kwamba anakata shauri kutokana na kanuni ya jumla. Kirejeshi -po katika "nifikiripo" ni cha wakati, nacho kinaivuta -po ya pili kuelekea wakati pia: nipo kwa muda uleule ninaofikiri. Tuijaribu kwa ukanusho. "Kila ajapo, sipo" ni Kiswahili cha kawaida, pengine cha mdaiwa yuleyule. "Kila nifikiripo, sipo" inakwaruza sikio papo hapo.

Sidai kwamba mahali pamefutika. Huenda sikio linakwaruzwa kwa sababu tu mwenye kufikiri lazima awe pale anapofikiria, na hapo Descartes atalalamika tena. Lichtenberg alipinga kwamba tuseme tu "kunafikiriwa", kama Mjerumani asemavyo kuhusu radi, bila kumtaja mtendaji. Kwa Kijerumani sentensi hiyo haina mtu wala mahali. Kwa Kiswahili mtu ameondoka kweli, lakini ku- iliyobaki mwanzoni mwa kitenzi ni ya ngeli ya mahali.