Mikono Miwili, Sauti Nne

Wimbo mpya wa kwaya hufika kwenye karatasi. Juu kushoto pameandikwa Do = G, na chini yake imepangwa mistari minne ya herufi: d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta pacha, vistari na mikato. Kila mwimbaji ana mstari wake mmoja wa kushughulika nao. Mpiga kinanda anasoma yote minne kwa wakati mmoja, na herufi zenyewe hazimwambii aguse wapi. Do ikiwa G, fa inaangukia C, na ti inapanda kwenye kibonyezo cheusi cha F-shapu. Wimbo unaofuata umeandikwa Do = A-flati, basi herufi zilezile zimehama zote. Katika parokia za Shinyanga, Kahama na Geita wapo vijana wanaoifanya hesabu hiyo wakiwa tayari wanapiga, huku jicho moja likimfuata mwongozaji, na wengi wao hawakusomea muziki chuoni. Kadiri ninavyoielewa kazi yao, ndivyo inavyozidi kunistaajabisha.

Mistari ile minne ina mitego yake. Teno na besi huandikwa oktava moja juu ya mahali zinapoimbwa, ili karatasi isijae alama za kushusha sauti. Asiyejua hilo huipiga teno juu kabisa, ikagongana na alto, na fujo inayotoka haelewi imetoka wapi. Anayejua huupa mkono wa kulia soprano na alto, wa kushoto teno na besi. Kisha hufika mahali ambapo besi imezama na teno imepaa, mkono wa kushoto hauwezi kuzifikia zote mbili. Hapo kidole gumba cha kulia kinashuka kuichukua teno kwa pigo moja au mawili, halafu kinarudi kwa alto. Waumini hawajui kwamba sauti imebadilisha mkono, wala hawana haja ya kujua. Tena sauti ya ogani haififii polepole kama ya piano. Ukiinua kidole, imekatika. Kwa hiyo mpigaji mzuri hubadilisha vidole juu ya kibonyezo kilekile kikiwa bado kimebanwa, cha tatu kinakipisha cha tano, ili mkono upate nafasi ya kwenda mbele bila kuacha pengo. Siku ukiwa kanisani wakati wa komunyo, mtazame mikono. Utaona kazi nyingi ambayo sikio peke yake haliwezi kuibaini.

Mfumo wa herufi hizo ulianzia kwa mwalimu wa Norwich, Uingereza, aliyeitwa Sarah Glover. Mchungaji John Curwen akaueneza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida, wasio na ala wala ada ya mwalimu, waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari waliusambaza Afrika. Kanda ya Ziwa ilizipokea tenzi za sauti nne kupitia Mapadre Weupe, waliofika Bukumbi mwaka 1883, na pia Africa Inland Mission, iliyokichukua kituo cha Nassa mwaka 1909. Kwaya za AIC, kanisa lililotokana na misheni hiyo, hadi leo ni nguzo ya uimbaji wa huku. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango kwa lugha za wenyeji mwaka 1963, watunzi wetu walijaza karatasi kwa Kiswahili, na leo ni vigumu kukuta kwaya ya Kikatoliki isiyokuwa na nyimbo za John Mgandu au Bernard Mukasa kwenye faili lake. Kinanda nacho kimetoka mbali. Torakusu Yamaha alianza mwaka 1887 kwa kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika huko Hamamatsu, Japani. Mwaka 1980 Casio ilitoa Casiotone yake ya kwanza, na kuanzia miaka hiyo kinanda cha umeme kikawa kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukinunua na kukibeba kwapani.

Sasa twende dukani. Anayeanza huingia duka la Kahama au Katoro akiuliza kinanda kina midundo mingapi. Muuzaji anabonyeza kitufe, ngoma na magita yanalia, duka zima linachangamka. Mimi ningemwomba azime yote hayo, tuanze na vibonyezo.

Vibonyezo viwe 61, na viwe vya ukubwa kamili. Hizo ni oktava tano na kimoja cha kufungia, na zinatosha: kuanzia besi ya chini kabisa ya kwaya hadi soprano ya juu, sauti zote nne zinaenea humo na nafasi inabaki. Usimwache mtu akushawishi kwamba bila vibonyezo 88 hujaanza. Lakini pia usichukue vile vidogo kama Casio SA-76, chenye vibonyezo 44 vyembamba. Ni kizuri kwa mtoto kuchezea, ila mkono ukizoea upana wake utapotea siku utakapokaa kwenye kinanda cha kanisa.

La pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu halionekani kwa macho. Bonyeza taratibu, kisha bonyeza kwa nguvu. Sauti ikibaki ileile, kinanda hicho hakihisi mkono wako. Yamaha PSR-E283 na PSR-E383 zinafanana sana kwa kuzitazama, lakini ya kwanza haina uwezo huo na ya pili inao. Vivyo hivyo Casio CT-S200 na CT-S300. Tofauti ya bei ipo, na ningemshauri mtu asubiri mavuno mengine kuliko kuiokoa fedha hiyo. Chini ya kila kibonyezo kinachohisi mkono kuna kipande cha mpira chenye migusano miwili, mmoja unafunga kabla ya mwingine. Kinanda hupima muda kati ya mgusano wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, umegusa kwa upole. Upole wako wote, hasira na staha, huingia ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Sauti ya ogani mara nyingi haitumii jambo hili, ni kweli, lakini mkono unaojifunza unalihitaji, kwani bila hilo hautajua kamwe kama vidole vyake vina nguvu sawa.

Na hapo ndipo vumbi linapoingia. Anayeishi Geita au Kishapu wakati wa kiangazi hahitaji maelezo. Likifika kwenye migusano ile, kibonyezo kimoja kinakuwa bubu au kinapiga kelele hata ukikigusa kidogo. Kwa hiyo ukinunua cha mtumba, gusa kila kibonyezo, vyote 61, cheupe na cheusi, taratibu na kwa nguvu, bila kumwonea haya muuzaji. Mara nyingi ugonjwa huo unatibika: fundi anafungua, anapangusa mpira na bodi kwa kitambaa laini chenye spiriti safi, anarudisha. Lakini ni bora ujue kabla ya kupatana bei. Ukishafika nyumbani, kitambaa cha kufunikia kina thamani kuliko mdundo wa 200.

Umeme nao una adabu zake. Vinanda vya Yamaha vya wanaoanza hutumia adapta ya volti 12, Casio nyingi za daraja hilo hutumia 9.5, na plagi zinaweza kuingia hata pale zisipopaswa. Karibu na tundu, au chini ya kinanda, kuna mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya iko ndani au nje. Usome kabla ya kuchomeka adapta ya kuazima. Wapo wanaounganisha Yamaha moja kwa moja na betri ya sola kwa kuwa zote ni volti 12, lakini betri inayochajiwa hupanda kupita volti 14, na kinanda hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwenye makanisa ya machimboni, upande wa Nyarugusu au Rwamgasa, jenereta na mota za karasha huufanya umeme upande na kushuka. Kinanda kikizimika katikati ya wimbo, kikiwaka kinakuwa kimesahau sauti uliyoichagua. Betri kavu ndogo zilizowekwa ndani mapema huokoa ibada. Na hedifoni, hata za bei ya chini, ni kitu cha kununua siku hiyohiyo. Vyumba vya kupanga Katoro vina kuta nyembamba, na zoezi la kweli ni la kurudiarudia. Jirani aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala.

Kuna kitufe kimoja nakiogopa kwa niaba ya wanafunzi, nacho ni cha transpozi. Unapiga kila wimbo kwa C, vibonyezo vyeupe vitupu, halafu mashine inakuhamishia ufunguo. Wapo wapigaji wengi wenye masikio mazuri walioishia hapo. Sina neno na mzee aliyekwisha kujipangia hivyo na anaifaidisha kwaya yake. Ila anayeanza akikitegemea, ule usomaji wa Do = A-flati hautaingia mkononi mwake kamwe, na mwongozaji akishusha wimbo nusu sauti kwa sababu soprano wamechoka, atatafuta kitufe wakati wenzake wanavuta pumzi.

Njia ya polepole ina utamu wake. Skeli ya C kwa mkono wa kulia: gumba, cha pili, cha tatu, kisha gumba lipite chini ya vidole. Ukienda F, mpangilio unabadilika, vidole vinne vinatangulia kabla ya gumba kupita, kwa sababu cha nne ndicho kinachoangukia vizuri B-flati, nalo gumba linatua C. Hakuna aliyelibuni hilo kwa kutaka kumtesa mwanafunzi. Ni umbo la mkono wa binadamu likikutana na umbo la ala. Kisha kordi tatu. Do-mi-so; ukitaka fa-la-do, usiruke, iache do palepale uvisogeze vidole viwili; ukitaka so-ti-re, ishikilie so, vingine vishuke kidogo. Mkono unaosogea kidogo ndio unaosikika kama kwaya, kwa kuwa hata waimbaji wenyewe hawarukiruki. Mwanafunzi akizoea hayo kwa C, aende G, kisha F, kisha D na B-flati. Ndipo afungue karatasi ya sauti nne, apige besi peke yake akiimba soprano kwa mdomo. Zoezi hilo moja, nijuavyo mimi, lina faida kuliko mengine yote, maana linalazimisha sikio kuwa na watu wawili ndani yake.

Halafu kuna lile ambalo hakuna kiwanda kitakuuzia. Midundo ya kinanda ina valsi, bosanova, roki. Bugobogobo haimo, ngoma ya jembe iliyokulia kwenye vikundi vya kulima vya Wasukuma. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, aliipa ngoma ya Kisukuma nafasi ndani ya ibada, na mashindano ya Bulabo bado huchezwa huko kila mwaka msimu wa sikukuu ya Ekaristi. Nyimbo nyingi za shukrani na za matoleo zinatokana na damu hiyo, mapigo sita katika kipimo kimoja. Mkono wa kushoto unayagawa mara mbili, wa kulia unayagawa mara tatu, na mwili mzima wa mpigaji unapaswa kuyashika yote bila kukimbia. Mdundo wa mashine hauwezi kumsubiri manju anapoivuta sauti; mpigaji anaweza. Mkisikia kinanda kikipumua pamoja na kayamba na ngoma, mjue kuna mtu aliyezima midundo na kuutoa mchezo mikononi mwake mwenyewe.

Huku kwetu watu huhama kwa kufuata dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi ukafungwa mwaka 2021, na wachimbaji wadogo huhamia kila duara jipya la dhahabu linapotajwa. Mpiga kinanda naye ana tumbo. Akipata kazi Kakola, kwaya ya Masumbwe inabaki na ala nzuri na viti vinne vya waimbaji wanaotazamana. Kwa kawaida kinanda hicho kinafungiwa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa kwa kuogopwa kuharibiwa, na kijana anayetamani kujifunza anakiona Jumamosi jioni kwa dakika chache, watu wazima wakiwa wanasubiri mazoezi yaanze.

Viongozi wa kwaya na kamati za parokia, nawaomba jambo moja. Chagueni vijana wawili au watatu, mabinti wakiwemo, waandikiwe saa zao za kukikalia kinanda katikati ya wiki, na mtu mzima mmoja akabidhiwe ufunguo wa ofisi. Mpigaji mliye naye awakalishe kando yake kabla hajahama.