Nani Hula Kizima? Fedha ya Nyumba na Mamlaka ya Mume katika Matini za Lubumbashi

1. Utangulizi

Mwaka 1986, wakati jimbo la Katanga lilipokuwa likiitwa Shaba, kikundi cha maigizo cha Mufwankolo cha mjini Lubumbashi kilitunga igizo juu ya msemo mmoja uliosikika kwa Kifaransa mjini humo. Kwa Kiswahili msemo huo unaweza kuelezwa hivi: mamlaka huliwa kizima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewauliza waigizaji maana yake, aliifuatilia kazi yao tangu majadiliano ya kwanza hadi igizo lilipochezwa katika kijiji cha Kawama na kupigwa picha kwa ajili ya televisheni. Matokeo ya ufuatiliaji huo ni kitabu cha Power and Performance (1990), ambamo maneno ya waigizaji yamechapwa kwa Kiswahili chao cha Katanga pamoja na tafsiri.

Kitabu hicho kimesomwa zaidi kama ushahidi wa namna raia wa Zaire walivyouelewa utawala wa wakati wao. Usomaji huo ni sahihi, lakini haumalizi maana ya msemo wenyewe. Makala haya yanakusudia kuuhamisha msemo kutoka baraza la chifu na kuuingiza nyumbani, mahali ambapo mamlaka ya kila siku hupimwa kwa fedha. Hoja inayotetewa ni kwamba unyanyasaji wa kifedha baina ya mume na mke ni mgumu kutambuliwa mjini Lubumbashi kwa sababu lugha, historia ya kazi na sheria vilishirikiana kwa muda mrefu kuufanya uonekane kuwa utaratibu wa kawaida wa nyumba.

2. Kitenzi "kula" na mezani kwa baba

Fabian anasimulia kwamba msemo huo ulimfikia mezani, wakati wa kula pamoja na rafiki zake. Jambo hilo lina uzito kwa mhakiki. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Kati na ya Mashariki firigisi ya kuku huwekewa baba, wala haikatwi vipande ili igawanywe. Picha ya mamlaka yasiyogawanyika imechukuliwa basi kutoka katika chakula cha nyumbani. Waigizaji na mtafiti wakaipeleka kwa chifu na watu wanaouzunguka utawala wake. Swali lililobaki nyuma ni dogo lakini zito: kuku yule alinunuliwa kwa fedha ya nani, na aliyempika alikula nini?

Kitenzi "kula" chenyewe kinasaidia kulijibu. Kiswahili husema kula urithi, kula rushwa, kula amana, kula mtaji. Katika matumizi hayo yote mlaji hukimaliza kitu ambacho mwingine alikuwa na haki nacho, na baada ya kuliwa hakirudi. Mke anaposema kwamba mume wake amekula fedha ya biashara yake, amekwisha kueleza dhuluma kamili. Lakini msikilizaji huweza kulipokea neno hilo kama lawama ya kawaida ya wanandoa, au kama jambo la kuchekesha. Hapo ndipo utambuzi unapokwama: neno lipo, ila halisikiki kama shitaka.

3. Mshahara na posho

Ugumu huo una historia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kwa mikataba mirefu pamoja na wake na watoto wao. Kampuni ilijenga nyumba, shule na hospitali, na iligawa posho ya chakula kwa kadiri ya ukubwa wa familia. Mshahara wa fedha ulikuwa wa mfanyakazi. Hivyo nyumba ya mchimbaji ilikuwa na mali za aina mbili: chakula kilichopimwa na kuonekana na wote, na fedha iliyopita mkononi mwa mtu mmoja.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père (2001), ameonyesha jinsi kampuni ilivyoyaimarisha mamlaka ya baba ndani ya familia za wafanyakazi, na jinsi mamlaka hayo yalivyotikisika kampuni ilipodhoofika. Jina la kitabu lina maana mbili. Wana wa Shaba wameachwa na baba yao mzazi asiyeweza tena kuwalisha. Wameachwa pia na kampuni, ambayo wafanyakazi walizoea kuiita baba na mama. Sitiari hiyo haina budi kuhakikiwa kwa makini. Kampuni ikiwa baba, basi baba wa nyumbani ni wakala wake, na fedha anayoileta huonekana kuwa zawadi ya mkubwa kwa wadogo. Anayepewa zawadi haulizi hesabu.

Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka upesi. Mishahara ilichelewa au haikulipwa. Wanawake waliingia kwa wingi katika kilimo cha pembezoni mwa mji na katika uuzaji wa unga, makala na vyakula vilivyopikwa. Chanzo cha fedha kilihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, lakini lugha ya nyumba haikuhama nacho: mume aliendelea kuitwa mlishaji, na kipato cha mke kiliendelea kuonekana kama cha kujazia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari na kupewa fedha ya mara moja. Malipo hayo yalimtambua mwenye mkataba wa kazi; miaka ambayo nyumba ililishwa na biashara ya mke haikuwa na fungu katika hesabu hiyo. Kwa maneno ya msemo wetu, fedha ilikuja kizima.

4. Sheria kama matini

Matini ya tatu ni Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Zaire ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1986. Hata hivyo sheria iliyotoka mwaka uliofuata ilimtaja mume kuwa mkuu wa nyumba (kifungu cha 444), ikamtaka mke apate idhini ya mume kwa matendo ya kisheria yenye kumpa wajibu (kifungu cha 448), na ikachukulia kuwa usimamizi wa mali umekabidhiwa mume, uwe utaratibu wowote wa mali waliouchagua (kifungu cha 490). Kifungu hicho cha mwisho kinastahili kusomwa kama mhakiki anavyousoma ubeti. Wanandoa waliruhusiwa kuchagua kutenganisha mali zao, kisha mali ya mke ikarudishwa chini ya usimamizi wa mume kwa dhana tu. Mkono mmoja wa matini ulitoa, mwingine ukachukua.

Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa idhini ya mume. Sasa kila mmoja wa wanandoa anatakiwa kukubaliana na mwenzake kwa matendo kama hayo. Maneno yanayomfanya mume kuwa mkuu wa nyumba yalibaki. Kwa hiyo anayeisoma sheria leo hukuta sauti mbili ndani yake, moja ya usawa na nyingine ya ukuu. Mume mnyanyasaji anajua ni ipi ya kuinukuu.

5. Kutambua

Adams na wenzake (2008), wakichunguza hali ya wanawake nchini Marekani, wameutenga unyanyasaji wa kiuchumi katika udhibiti wa njia tatu: kupata mali, kuitumia na kuitunza. Mgawanyo huo unafaa kwa Lubumbashi ukivikwa mavazi ya mahali. Kupata huzuiwa mke anapokatazwa kwenda sokoni, au mtaji wake unapoazimwa na mume bila kurudishwa, safari baada ya safari, mpaka meza inabaki tupu. Kutumia huzuiwa anapopewa fedha ya siku moja na kudaiwa hesabu ya chumvi, ilhali kiasi cha mshahara ni siri. Kutunza huzuiwa lupango walioununua pamoja unapoandikwa jina la kaka wa mume, au deni linapochukuliwa kwa jina la mke bila ridhaa yake.

Yako mapingamizi mawili. La kwanza linasema kwamba hayo yote ni umaskini. Lakini umaskini huwabana wote wawili. Unyanyasaji hujulikana kwa kuwa mmoja hubanwa na mwingine huamua. La pili linasema kwamba wake nao huficha fedha. Ni kweli, ila siri mbili hazilingani kwa kuwa zote ni siri. Kipimo ni hiki: nani anaweza kusema "hapana" bila ya kuogopa kipigo, kufukuzwa au njaa? Anayeficha senti za ada ya shule kwa hofu anajikinga. Anayeficha mshahara ili aombwe anatawala. Kipimo hicho humhusu pia mume anayetendewa vivyo hivyo, ingawa historia iliyoelezwa hapo juu imeuelekeza mzigo zaidi upande wa wanawake.

6. Kupona

Kupona huanza kwa kuhesabu. Mke aliyeambiwa miaka mingi kwamba halishi mtu hupata sura nyingine ya maisha yake anapoorodhesha unga, ada na dawa alizolipia. Orodha hiyo ni kumbukumbu yake, na siku ya kusikilizwa na wazee au mahakama ya amani huwa ushahidi. Ndoa iliyosajiliwa humpa msimamo imara zaidi, kwa kuwa wanandoa wasiochagua utaratibu wa mali huhesabiwa kuwa wanashirikiana katika mali waliyoichuma ndani ya ndoa. Asiyelijua hilo huondoka mikono mitupu akidhani ndivyo sheria inavyotaka.

Hatua nyingine ni likelemba, ambayo Watanzania huiita upatu. Wanachama huchanga sawa, na kila mmoja hupokea chote kwa zamu yake. Humo msemo wa 1986 unapata jibu ambalo igizo halikulitafuta: kizima huliwa, lakini kwa zamu, mbele ya mashahidi, na kila mlaji jana alikuwa mchangaji. Likelemba ina mipaka yake. Fedha inayotoka humo huweza kunyang'anywa mlangoni, na aliye katika hatari ya kupigwa huhitaji kwanza ndugu au jirani wa kumpokea. Hata hivyo humrudishia mtu mambo mawili ambayo unyanyasaji huyaondoa, yaani akiba na watu wanaoijua.

7. Hitimisho

Matini zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba mamlaka ya fedha nyumbani yalijengwa kwa maneno kabla ya kulindwa kwa vifungu. Sheria imebadilishwa kwa kiasi, maneno bado. Wanafunzi wa Kiswahili cha Lubumbashi wamekwisha kufanya kazi kubwa juu ya maigizo, picha na simulizi za wachimbaji. Linalobaki ni kukusanya kwa makini maneno ya wanawake wenyewe juu ya fedha, sokoni, katika likelemba na mbele ya mahakama. Mwanamke anaposema "alikula fedha yangu", mtafiti asiliandike neno hilo katika fungu la ugomvi wa nyumbani kabla ya kumwuliza ilikuwa kiasi gani, aliipataje, na ni nini kingempata kama angekataa kuitoa.