Kuachia Upote

Kifyatuo anachotumia dada huyu mpiga upinde kinaenea kiganjani. Ni kipande cha shaba chenye nafasi za vidole vitatu, na mbele yake pana ndoano fupi inayozunguka juu ya pini. Nyuma ya ndoano kumejificha kisahani cha chuma kilichokatwa umbo la mwezi mwandamo, na ukingo wa kisahani hicho ndio unaoizuia ndoano isifunguke. Hakina trigi wala kitufe. Upinde wake ni wa kapi, ule wenye magurudumu mawili kwenye ncha zake, na shabaha imesimamishwa mita 50 mbele yetu, katika uwanja wa mazoezi nje kidogo ya Nairobi.

Anaanza na miguu. Anapanga nyayo kwa upana wa mabega, na baada ya hapo hazisogezi tena mpaka mishale yote sita iishe. Anachomoa mshale kwenye podo, anaubana mkia wake kwenye upote mpaka usikike ukiingia, halafu anaitia ndoano kwenye kitanzi cha kamba kilichofungwa nyuma ya mkia huo. Mkono wa kushoto haukamati upinde. Mpini unaegemea nofu iliyo chini ya dole gumba, vidole vingine vimelegea, na ugwe mwembamba uliofungwa vidoleni ndio utakaoudaka upinde usianguke. Mkono unaokamata husokota, na upinde ukisokotwa hata kidogo, mshale huenda kushoto au kulia. Ndiyo maana anauweka mkono, anautoa, anauweka tena. Mara nyingine anafanya hivyo mara tatu kabla ya kuridhika, wala hana haraka.

Kisha anavuta. Kanuni za mashindano ya kimataifa zinaruhusu upinde wa kapi kuwa na uzito wa kuvuta wa hadi pauni 60, karibu kilo 27. Uzito huo anaubebesha kidole cha shahada, kilicho upande ambao hauwezi kukizungusha kifyatuo. Ukihamia vidole vya nje mapema, ndoano itafunguka njiani na ngumi yake mwenyewe itampiga mdomoni. Kapi zikishageuka, mzigo unapungua hadi robo au chini ya hapo, na hapo anapata nafasi ya kupumua.

Vifundo vya vidole viwili vinaubana mfupa wa taya. Ncha ya pua inaugusa upote, inaugusa tu, haiusukumi. Kupitia tundu dogo lililo katikati ya nyuzi za upote analiona duara la lenzi ya kulengea, na ndani yake rangi ya manjano ya katikati ya shabaha. Mguso huu wa taya na pua unastahili kutazamwa kwa makini kuliko lenzi. Kutoka mkia wa mshale hadi ncha ni kama sentimita 70. Mkia ukikaa milimita moja tu kando ya mahali pake, kwa hesabu ya pembe ile milimita imekuwa sentimita saba mshale unapofika mita 50. Duara la alama kumi lina kipenyo cha sentimita nane, yaani sentimita nne kutoka katikati hadi ukingoni. Milimita moja ya shavu inatosha kuipoteza kumi.

Sasa kidole cha shahada kinalegea na kinasikika kijimlio, tik. Hiyo ni ishara kwamba ukingo wa ule mwezi umebakiza nafasi ndogo sana. Kuanzia hapa mkono wa kulia haufanyi kazi yoyote. Umekuwa kama kamba iliyofungwa begani. Kinachofanya kazi ni misuli iliyo kati ya mabega, ikivuta kiwiko nyuma polepole, na kiwiko kinapozunguka, kifyatuo nacho kinazunguka. Dakika hasa ya kufyatuka haijui, wala hataki kuijua. Upote unaondoka. Mkono wa kulia unaruka nyuma ya sikio, wa kushoto unabaki ukiielekea shabaha mpaka mshale ugonge, zaidi kidogo ya nusu sekunde baadaye.

Kutojua huko ndiko kunakojengwa kwa miezi. Walenga shabaha wengi hupatwa na kiwewe: lenzi ikigusa manjano tu, mwili mzima unataka kufyatua papo hapo, bega linashtuka, na mishale inatawanyika. Tiba yake ni ya kuchosha. Mtu anasimama hatua chache mbele ya gunia lisilo na alama yoyote, anafumba macho, na anaachia mshale baada ya mshale akisikiliza mgongo wake tu. Dada huyu bado huanza kila siku ya mazoezi hivyo, na mimi naona dakika zile za guniani zinafaa kutazamwa sawa na zile za mita 50.

Wapo wanaosema kifyatuo kimerahisisha mambo, na kwa sehemu wana haki. Anayeachia kwa vidole, kama Shehzana Anwar aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ana tatizo jingine: upote unapoteleza kwenye vidole husukumwa pembeni, na mshale hujipinda kushoto na kulia ukiuzunguka upinde kabla ya kunyooka. Katika miaka ya 1930, Clarence Hickman wa Marekani alilinasa jambo hilo kwa kamera ya kasi. Kwa ndoano upote huondoka karibu moja kwa moja, na mpindo uliobaki zaidi ni wa juu na chini. Wawindaji wa Kiwaata wa nyika ya Tsavo walivuta kwa vidole pinde zilizozidi pauni 100, mzigo ambao hauruhusu mtu kukaa akilenga. Kwao kuvuta na kuachia vilikuwa tendo moja.

Lakini kifyatuo nacho kina madai yake. Leo amekuja na cha pili, chenye kitufe cha dole gumba na shingo ndefu kidogo. Mishale sita ya kwanza imekaa pamoja vizuri, ila yote iko kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Hakuigusa lenzi. Alipiga sita nyingine, zikaenda palepale, ndipo akajitazama kwenye kioo cha simu akiwa amevuta: kwa shingo ile ndefu, ngumi imekaa nyuma zaidi kwenye taya, na upote unalikandamiza shavu. Akafupisha kitanzi cha kamba, akaanza upya tangu kwenye gunia.

Upinde wa kapi utaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, katika shindano la timu mchanganyiko, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kamera bila shaka zitakimbilia manjano. Mtazamaji akipata picha ya nyuma ya mchezaji, atazame kiwiko cha kulia baada ya lenzi kutulia: kinaendelea kusogea, kwa kiasi kisichofika unene wa kidole, na shindano lote linaamuliwa humo.