Homa ya usiku mmoja, vumbi la miaka 20

Fundi anayechomelea chuma kilichopakwa zinki ndani ya tangi la meli anaweza kumaliza zamu yake bila kuona dalili yoyote, ila utamu wa ajabu mdomoni na koo lililokauka. Usiku ndipo mwili unapodai. Baridi inamtetemesha, homa inapanda, viungo vinauma, shuka zinalowa jasho. Baada ya siku moja au mbili anaamka mzima. Kwetu, mtu wa namna hiyo humeza dawa ya malaria, na kwa kuwa anapona, huamini kweli ilikuwa malaria. Kumbe ni zinki. Metali hii huchemka ikifika nyuzi 907 za Selsiasi, na moto wa kuchomelea una joto la maelfu ya nyuzi. Zinki hugeuka mvuke, mvuke hukutana na hewa na kuwa moshi mweupe wenye chembe ndogo kuliko mikroni moja, zinazoweza kufika hadi ndani kabisa ya mapafu.

Philip Drinker aliijua vizuri homa hiyo. Mhandisi huyu wa Chuo Kikuu cha Harvard anakumbukwa zaidi kwa "pafu la chuma", mashine ya kumsaidia mgonjwa wa polio kupumua, aliyoitengeneza na Louis Agassiz Shaw mwaka 1928. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wamechapisha tafiti kuhusu moshi wa zinki na kiasi kinacholeta homa. Ilifahamika pia kwamba mwili huuzoea moshi huo kwa siku chache, kisha hupoteza mazoea hayo mtu akipumzika. Ndiyo sababu homa ilipenda kuwarudia mafundi Jumatatu. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili, Drinker akawa mshauri mkuu wa afya wa tume ya serikali iliyosimamia ujenzi wa meli za mizigo. Akakabidhiwa, kwa taaluma ileile ya kuiongoza hewa, hatari mbili zilizokuwa ndani ya meli zilezile. Moja ilipata feni na mabomba. Nyingine ilipata ripoti ya kuwatoa watu hofu.

Tuanze na iliyopata feni, kwa kuwa mbinu zake ndizo zinazotumika hadi leo.

Kufikia mwaka 1943 karakana za meli za Marekani zilikuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao wageni kabisa wa kazi hiyo. Kuchomelea kulikuwa kumechukua nafasi ya ribiti. Meli ya chuma ni mkusanyiko wa masanduku yaliyofungwa, na mabaya zaidi ni yale ya sakafu maradufu, ambamo fundi hutambaa kupitia tundu dogo na kufanya kazi amejikunja. Kiwandani unaweza kujenga kofia ya kufyonza moshi juu ya meza ya kazi ukaiacha hapo kwa miaka. Melini hakuna meza. Jana kazi ilikuwa kwenye ubavu, leo iko chini ya sitaha, kesho ukuta uliokuwa wazi utakuwa umezibwa. Mitambo ya hewa ililazimika kuhama pamoja na fundi: feni za kubebeka, na mabomba laini marefu yaliyovutwa hadi pale moto unapowaka.

Hapo kuna kosa ambalo karakana nyingi bado hulifanya. Koroboi iliyo umbali wa mkono unaweza kuizima kwa kupuliza, lakini huwezi kuizima kwa kuvuta pumzi. Hewa inayopulizwa hutoka kwa mkondo mmoja na kusafiri mbali: hata umbali wa mara 30 ya kipenyo cha bomba, bado ina takriban sehemu moja ya kumi ya kasi yake. Hewa inayofyonzwa huitikia kutoka pande zote kwa pamoja, hivyo kasi yake hushuka hadi sehemu moja ya kumi umbali wa kipenyo kimoja tu. Joseph DallaValle, naye wa Harvard, ndiye aliyeiweka tabia hiyo katika hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Chukua bomba lenye kipenyo cha sentimita 15. Ili kuukamata moshi wa kuchomelea unahitaji kasi ya hewa ya nusu mita kwa sekunde pale pale unapozaliwa. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye moto, feni inapaswa kuvuta kama mita za ujazo 440 kwa saa. Ukiusogeza hadi sentimita 30, inahitaji kama 1,650. Umbali umeongezeka mara mbili, hewa inayotakiwa imekaribia kuwa mara nne, na feni ni ileile. Kwa hiyo bomba lililotupwa mlangoni mwa tangi, hata likinguruma kutwa nzima, halimsaidii sana aliye ndani. Linapaswa kuwa shubiri moja kutoka kwenye kazi, na fundi alisogeze kila anaposogea. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu fundi analipwa kwa mita za mshono, wala hakuna anayemlipa kwa kusogeza bomba. Karakana inayojali hufunga mdomo wa bomba kwa sumaku, na humpa fundi msaidizi.

Kwenye tangi lenye matundu mawili, mbinu nzuri ni kupuliza hewa safi kwenye moja na kufyonza kwenye la pili, ili mkondo upite juu ya kichwa cha fundi kabla ya kuufikia moshi. Kuna jambo moja ambalo ni mwiko: kupunguza joto la tangini kwa kufungulia oksijeni. Nguo iliyoshiba oksijeni hushika moto kwa cheche moja na haizimiki kirahisi. Gesi za kukinga mshono, kama agoni na kaboni dioksidi, zina hatari ya namna nyingine. Ni nzito kuliko hewa, hutulia chini ya tangi usiku bomba likivuja, na anayeingia asubuhi hazioni wala hazinusi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hatua iliyopunguza moshi kuliko zote haikuchukuliwa kwa ajili ya afya. Katika karakana za Henry Kaiser pale Richmond, California, ambako meli ya Robert E. Peary iliundwa kwa muda usiozidi siku tano mnamo Novemba 1942, vipande vikubwa vya meli viliunganishwa kwanza uwanjani. Viligeuzwageuzwa ili fundi achomelee akiwa ameangalia chini, kisha winchi zikavipandisha mahali pake. Nia ilikuwa kasi. Lakini kila mshono uliomalizwa uwanjani ni mshono ambao hakuna aliyeuvutia moshi wake ndani ya sanduku. Hadi leo anayepanga ratiba ya ujenzi ana uwezo mkubwa juu ya mapafu ya watu kuliko anayenunua feni.

Sasa asbesto. Mabomba ya mvuke na boila za meli hizo zilifunikwa kwa mablanketi, vigae na udongo wa asbesto. Mafundi walikata kwa msumeno, wakachanganya udongo mkavu kwenye ndoo, wakafagia mabaki. Mwongozo wa afya wa karakana hizo, uliotolewa mwaka 1943 na Jeshi la Majini pamoja na tume ya Drinker, uliitaja hatari hiyo bila kuficha. Uliagiza kazi ya vumbi itengwe, iwe na hewa ya kufyonza au barakoa maalumu, na mafundi wapimwe afya kila baada ya muda. Msomaji wa leo asingeongeza mengi.

Mwaka 1946 ikachapishwa tathmini ya afya za mafundi wa kufunika mabomba katika karakana za meli za kivita, iliyoandikwa na Walter Fleischer na wenzake, Drinker akiwa mmoja wao. Walipigwa picha za kifua mafundi 1,074. Waliokutwa na asbestosi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la asbesto, walikuwa watatu. Hitimisho likawa kwamba kazi ya kufunika mabomba si ya hatari.

Ukitazama namna tathmini ilivyofanyika, kosa liko wazi. Takriban asilimia 95 ya waliopimwa walikuwa na chini ya miaka kumi kazini, kwa sababu vita ndiyo iliyowaleta. Wale watatu wagonjwa wote walikuwa wamezidisha miaka 20. Asbestosi kwa kawaida huchukua miaka kumi hadi ishirini au zaidi kujitokeza, na mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, huchukua kati ya miaka 20 na 50. Kupima kifua cha aliyeanza juzi kunaeleza afya aliyokuja nayo. Isitoshe, walihesabiwa mafundi wa mabomba peke yao. Fundi umeme, mchomeleaji na mfagiaji waliokuwa wakivuta hewa ya chumba kilekile hawakuwamo.

Miaka ya 1960 ikaleta majibu. Mwaka 1964 Irving Selikoff na wenzake walichapisha taarifa za vifo vya mafundi wa kufunika mabomba wa New York na New Jersey, watu wenye miaka 20 na zaidi katika kazi hiyo, na saratani ya mapafu ilikuwa imewaua kupita kiasi cha kawaida. Mwaka 1968 Peter Harries, daktari wa Jeshi la Majini la Uingereza, akaeleza hatari ya asbesto katika karakana ya Devonport, na ikadhihirika kwamba ugonjwa ulikuwa umewapata hata watu wa fani nyingine waliofanya kazi karibu na vumbi.

Elimu haikukosekana. Watu haohao, miaka ileile ya vita, walijua kasi ya hewa inayotakiwa kuukamata moshi na ile inayotakiwa kulikamata vumbi. Moshi wa zinki ulijitetea wenyewe: fundi akilala na homa leo, kesho nafasi yake iko tupu na msimamizi anauliza. Vumbi la asbesto halikumzuia mtu kuja kazini, kwa hiyo kila aliyetaka kubana matumizi alikuwa na takwimu za kumuunga mkono.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jinsi tunavyoutazama moshi wa kawaida wa kuchomelea, ule usio na zinki na usioleta homa. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ikatamka kwamba kufungua milango hakutoshi hata kwa chuma cha kawaida. Ndani ya jengo lazima moshi ufyonzwe. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki kinga inayotajwa zaidi bado ni maziwa. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni.

Na asbesto haijaondoka. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zimepiga marufuku kabisa kuifunga upya melini tangu Januari 2011, lakini iliyofungwa zamani imebaki kwenye mabomba, gasketi na kuta za meli kuukuu, zile zinazopandishwa chelezoni kila baada ya miaka michache. Mkataba wa Hong Kong, ulioanza kutumika tarehe 26 Juni 2025, unazitaka meli za tani 500 na zaidi za nchi zilizouridhia ziwe na orodha ya vifaa hatari vilivyomo na mahali vilipo. Orodha hiyo kwa kawaida hukaa kwenye faili la afisa wa meli. Inapaswa kuwa mkononi mwa msimamizi wa karakana, kwa lugha anayoisoma, kabla fundi hajagusa bomba la kwanza kwa msumeno. Na pale meli isipokuwa na orodha, kipande kikatwe kikiwa kimeloweshwa na kipelekwe maabara, chumba kikiwa kimefungwa hadi majibu yarudi.