Irabu Hazifichiki

Mpe mtu karatasi yenye maneno haya: wxnxwdqh vdd nxpl vrnrql. Wengi wataikunja na kukurudishia. Mfumbuaji ataomba kalamu. Insha hii ni ya kumsifu huyo, kwa sababu kazi yake haitaki mashine wala cheo. Inataka subira, na kuijua lugha kuliko wanavyoijua wenye kuisema tu.

Hila iliyotumika hapo ni kongwe. Suetonius, mwandishi wa Roma, anaeleza kwamba Julius Caesar aliandika mambo yake ya faragha kwa kusogeza kila herufi nafasi 3 mbele: penye A akaweka D, na kuendelea hivyo. Aliyeiumbua hila ya namna hii kwa maandishi alikuwa mwanafalsafa Al-Kindi, huko Baghdad, katika karne ya 9. Risala yake inafundisha hivi: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ileile, marefu ya kutosha, uhesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Kisha hesabu alama za maandishi ya siri, na inayoongoza huku uilinganishe na inayoongoza kule. Hakuna uganga. Herufi imevaa sura nyingine lakini tabia yake ni ileile, na tabia huhesabika.

Kabla yake alikuwapo Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, bingwa wa Basra mwenye asili ya Oman. Ndiye aliyeweka misingi ya arudhi ya Kiarabu, na jina la elimu hiyo malenga wetu wanalo mpaka leo. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya siri ya Kigiriki, akaifumbua kwa kukisia kwamba mwandishi lazima ameanza kwa jina la Mungu. Wala sishangai kwamba mtu wa kupima beti ndiye aliyefungua barua. Mwenye kuzoea mizani huona haraka kitu kinapojirudia.

Kisio kama hilo lingetuumbua sisi vibaya sana. Barua zetu za posta zilianzaje? Salamu nyingi, kisha hujambo, kisha lengo na madhumuni ya barua hii. Adui anayeijua adabu yetu angekuwa amepata nusu ya herufi kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Sasa karatasi yetu. Kuhesabu peke yake hakufiki mbali, maana d, n na x zote zimetokea mara 3; maandishi ni mafupi mno. Mfumbuaji wa Kiswahili hutazama mikia. Maneno yetu, ukiacha machache ya kukopa, huishia kwa irabu. Basi h, d na l zitakuwa irabu, hata kabla ya kujua ni zipi. Halafu tazama vdd. Konsonanti zikirudiwa, mara nyingi huwa mwanzoni, kama katika mmea na nne. Mwishoni mwa neno hurudiwa irabu: taa, juu, mzee. Na kati ya irabu zote, a ndiyo inayotapakaa zaidi. Jaribu d iwe a. Umerudi nafasi 3; rudisha na nyingine zote, na mara sentensi inasimama mbele yako: tukutane saa kumi sokoni. Aliyewahi kuonja dakika ile, neno la pili lilipomletea la kwanza na la tatu, hatakuuliza faida ya kazi hii.

Ajabu ni kwamba irabu hizohizo zinazotusaliti kwenye karatasi hutulinda mdomoni. Watu wa pwani wana mchezo wa kusema kinyume: silabi ya mwisho hupelekwa mbele, kesho ikawa shoke, nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Kwa kuwa karibu kila silabi hufungwa kwa irabu, ukizipangua bado zinatamkika, ulimi haukwami. Jaribu kufanya hivyo kwa neno la Kijerumani! Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliuona mchezo huu wa maana kiasi cha kuuwekea mifano katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870. Mjuzi akiusema kwa kasi, mgeni hubaki ameduwaa, ingawa hajasikia sauti hata moja asiyoijua. Na njia ya Al-Kindi haimfai, kwani maneno yameshapita kabla hajakunja kidole cha kwanza kuhesabu.

Wapo wanaodhani kwamba kuchanganya vyote viwili, kinyume kwanza kisha kusogeza herufi, ni kujenga ngome. Lakini shoke nayo inaishia kwa irabu. Afadhali kufuta nafasi kati ya maneno na kuyakata maandishi mafungu ya herufi tano tano, kama walivyozoea wapeleka siri kwa telegrafu. Mikia hupotea. Hata hivyo konsonanti na irabu huendelea kupokezana, na mwenye sikio atausikia mwendo huo hata ndani ya mafungu.

Mwenye kalamu karibu na ajaribu hili, ambalo halikusogezwa nafasi 3: snyfp zofon tsnsf sinen. Herufi inayoongoza hapa si a.