Msimu wa 1920, Safari Hii kwa Dadu

Nilipofika tarehe 16 Agosti 1920 nilifunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai. Sikutaka ile mechi ichezwe.

Ngoja nieleze. Kwa miezi mitatu sasa narudia msimu wa besiboli ya Marekani wa mwaka 1920, mechi moja moja, kwa programu ya kuigiza michezo. Timu yangu ni Cleveland. Ratiba ni ile ile, wachezaji wale wale, ila matokeo yanaamuliwa upya kwa bahati. Programu hizi ni wajukuu wa michezo ya mezani kama Strat-O-Matic, ambao Hal Richman aliuingiza sokoni mwaka 1961. Kila mchezaji ana kadi iliyotokana na takwimu zake. Unarusha dadu tatu: moja inakuambia usome kadi ya mpigaji au ya mrushaji, na jumla ya mbili zilizobaki inakuambia kilichotokea. Basi.

Siku ile, katika uwanja wa Polo Grounds, New York, mpira wa Carl Mays ulimpiga Ray Chapman wa Cleveland kichwani. Alifariki alfajiri ya kesho yake, akiwa na miaka 29.

Chai ikapoa nikiwa nimeshika kitabu: *The Universal Baseball Association*, riwaya ya Robert Coover ya mwaka 1968. Mhusika wake, Henry Waugh, ni mhasibu mpweke aliyebuni ligi nzima na kuiendesha kwa dadu tatu kwenye meza ya jikoni. Wachezaji wake hawakuwahi kuishi, lakini anawazika, anawaandikia historia, analewa kwa ajili yao. Siku moja dadu zinatoa moja-moja-moja mara tatu mfululizo, na kijana anayempenda kuliko wote, Damon Rutherford, anauawa na mpira wa Jock Casey. Henry angeweza kurusha tena. Nani angejua? Harushi. Baadaye, akiwa amechanganyikiwa kwa uchungu, anazipanga dadu kwa mkono wake ziwe sita-sita-sita, na Casey naye anakufa.

Wengi huisoma riwaya hii kama fumbo kuhusu Mungu na viumbe wake. Sawa, na Coover mwenyewe kaijaza vidokezo mpaka vinachosha. Wanawake wake pia ni wa kupita tu. Hettie wa baa hapewi hata nusu ya utu anaopewa mrushaji wa kufikirika. Lakini mimi safari hii nimeisoma kama mwandishi wa habari. Nimeandika ajali nyingi za barabarani, na swali la kwanza chumba cha habari ni lile lile: wangapi? Henry naye anaishi kwa namba, ila kwake kila namba ina jina, baba na msiba. Ndiyo nguvu ya kitabu. Kinaonyesha takwimu zikiuma.

Nikarudi kwenye kompyuta nikabonyeza. Chapman akapiga mpira ukadakwa. Akarudi kukaa benchi, mzima. Nacheka peke yangu saa sita usiku, jamani, kama mtu aliyeokoa ndugu yake.

Kumbe nilikuwa sijamaliza hesabu. Katika historia ya kweli, pengo la Chapman ndilo lililomfanya Joe Sewell, kijana wa miaka 21, aitwe mwezi Septemba. Cleveland wakachukua ubingwa, na Sewell akacheza mpaka akaingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1977. Katika msimu wangu hakuna aliyemwita. Nilimwokoa mmoja nikamfuta mwingine, na sikurusha hata dadu moja kwa udanganyifu.

Kuna na wale ambao hawakuwa na kadi kabisa. Mwaka huo huo wa 1920, Rube Foster aliongoza kuanzishwa kwa ligi ya Wamarekani Weusi, Negro National League, kwa sababu milango ya ligi kuu ilikuwa imefungwa kwao. Hata nikirudia msimu wangu mara elfu, hakuna bahati itakayomwingiza mchezaji mweusi hata mmoja. Bahati inafanya kazi ndani ya orodha tu, na orodha iliandikwa na watu.

Hapo ndipo Henry ananizidi. Yeye alijua kwamba anayeshika daftari anawajibika. Mimi nilijidanganya kuwa ni mchezo tu.

Kitafuteni kitabu hiki hata kama besiboli hamuijui. Mimi mwenyewe nilijifunza kanuni zake nikiwa katikati ya kurasa. Sura ya mwisho itawasumbua, maana Henry hayumo tena na wachezaji wamebaki peke yao, wakibishana kama yupo anayewachezesha. Msivunjike moyo.

Msimu wangu bado unaendelea. Chapman anacheza kesho.