Nyama Aliyekimbilia kwa Jirani: Tusome Tena Habari ya Cephu

Mu uwindaji maneno mengi hayaanzi na upinde. Yanaanza kisha nyama kukimbia. Mmoja anamchoma mshale, nyama anakwenda na damu yake, anavuka mto, anaanguka mu pori la wengine. Hapo njo watu wanaulizana: huyu ni wa nani?

Ili tuone jibu la wazee vizuri, tumechagua kitabu kimoja kinachojulikana sana juu ya pori la Ituri: The Forest People cha Mwingereza Colin Turnbull, kilichotoka mwaka wa 1961. Mwandishi alikaa na Bambuti wa Epulu mu miaka ya 1950. Watu wanakisifu, nasi tunakisifu. Lakini kuna mahali pamoja ambapo tunaona kinasomwa vibaya, na pengine mwandishi mwenyewe alisaidia.

Mahali pale ni habari ya Cephu. Bambuti wa Epulu wanawinda na nyavu. Wanaume wanazitega moja kando ya ingine kama nusu ya duara, wanawake na watoto wanapiga kelele na kufukuza nyama. Mboloko akinaswa ni wa mwenye wavu, naye anagawia waliomsaidia. Cephu, aliyekuwa na kambi yake ndogo kando ya kambi kubwa, alikosa nyama. Basi akaweka wavu wake mbele ya nyavu za wenzake, akapata wa kwanza waliokuwa wanakimbia. Jioni hakuna aliyempa kiti. Alijitetea kwamba alipoteana na wengine, tena kwamba yeye ni mkubwa wa kambi yake. Walimjibu kwamba kama yeye ni mkubwa, aende kuwinda kwake. Mwishoni aliomba msamaha, na nyama yote ikachukuliwa, hata ile iliyokuwa mu chungu.

Wasomaji wengi wanaishia hapo: Cephu mwizi, kambi imehukumu, basi. Turnbull anaandika sehemu ile sawa mchezo wa kuigiza, na sisi tunacheka pamoja na wale wanaomcheka. Lakini tujiulize: aliiba nini? Nyama alikuwa hai bado, hakuwa na alama ya mtu. Kosa ni kwamba kazi ya kumfukuza ilikuwa ya wote, naye akasimama mahali ambapo jasho la wengine linamfikia yeye mbele. Hii njo mzizi wa adabu ya jirani mu uwindaji. Nyama hafuati udongo alipoangukia, anafuata jasho la waliomtafuta.

Efe, ndugu zao wanaowinda na mishale mu pori lile lile, wanasema neno hilo kwa njia ingine. Fungu kubwa ni la mwenye mshale wa kwanza uliompata nyama. Mwenye mshale wa pili ana lake, mwenye imbwa aliyefukuza ana lake. Ukifikiri vizuri, kanuni hiyo imefanywa kwa nyama anayekimbia. Kama angekuwa anaanguka palepale, kungekuwa na haja gani ya kuhesabu mshale wa pili na imbwa?

Lakini tusimwonee Turnbull. Yeye mwenyewe aliandika mwisho ambao wengi wanauruka. Usiku ule ule, Masalito wa kambi kubwa alichukua nyama na mchuzi wa uyoga, akatoka kimya. Kisha Cephu alionekana mu nyimbo za molimo pamoja na wote. Yule aliyenyang'anywa alilishwa. Pasipo chungu kile, kambi ingepata nyama na kupata adui pia.

Kwa nini tunaandika hayo leo? Juu leo mipaka ni mingi. Sheria ya 20/7/1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Sheria ya 28/5/1982 ilileta mambo ya ruhusa ya kuwinda. Na tangu 1992 Epulu iko ndani ya Hifadhi ya Okapi. Tena nyama inapanda pikipiki kwenda soko. Kijana akikuta nyama mwenye mshale wa jirani mwilini, anafikiri bei. Anasema: «Ameangukia kwetu, ni wetu.» Neno hili halina mzazi mu desturi. Lakini hata yule anayesema «Nilimpiga mie, ni wangu wote», akavuka pasipo kuita wenyeji na kubeba yote usiku, naye ameweka wavu mbele ya wenzake.

Basi, mwenye mshale aite kwanza kabla ya kuvuka. Mwenye pori asifiche nyama. Waliomfuata na waliomwona wapate fungu. Na kwa nyama aliyekatazwa na sheria, sawa okapi, hakuna fungu la mtu yeyote. Walimu wanaosomesha kitabu hiki, tunawaomba wasifunge mbele ya kufika kwenye chungu cha Masalito.